Meno ya Lisa na Mkataba wa Baba Yake

Wanachama wamejaa ukumbini na wana kiu. Mezani kuna mkataba mpya wa hali bora, na tajiri wa kiwanda ameweka sharti moja tu: wafanyakazi wakubali kufutiwa bima ya meno, naye atawapa pipa la bia kila watakapokutana. Hakuna anayeuliza swali. Watu wananyanyuka kwenda kwenye bia, na mmoja wao anaiaga bima kwa furaha kama mtu anayemsindikiza mgeni aliyekaa mno. Kwenye kiti chake amebaki mwanamume mnene mwenye upara, anahangaika na sentensi mbili zinazopokezana kichwani. Ya kwanza ni ya mwenzake anayeiaga bima ya meno. Ya pili ni ya mkewe, aliyemwambia kwamba binti yao anahitaji waya za meno. Sentensi zinagongana mara nyingi kabla hajang'amua kwamba zinazungumzia jambo moja.

Hivyo ndivyo Homer Simpson alivyogeuka kiongozi wa wafanyakazi mbele ya watazamaji wa televisheni ya Fox nchini Marekani, tarehe 11 Machi 1993. Kipindi kilikuwa "Last Exit to Springfield", cha 17 katika msimu wa nne wa katuni ya familia ya The Simpsons. Kiliandikwa na Jay Kogen na Wallace Wolodarsky, kikaongozwa na Mark Kirkland. Miaka 10 baadaye jarida la Entertainment Weekly lilichagua vipindi 25 bora vya mfululizo huo, na hiki kikashika nafasi ya kwanza. Mashabiki wamebishana tangu hapo, lakini ni nadra kuona orodha ya aina hiyo iliyokiacha nje.

Sifa zake nyingi huangukia kwenye wingi wa mizaha, na kweli mizaha imo tele. Lakini mizaha mingi imetengenezwa na kusahauliwa. Kilichokifanya kipindi hiki kidumu ni msingi uliochaguliwa: kifungu kimoja cha mkataba wa kazi na mdomo wa mtoto mmoja. Waandishi wanamcheka tajiri, wanakicheka chama, wanamcheka hata Homer anayetetea haki. Meno ya Lisa hawayachezei.

Familia ya Springfield

Kwa ambaye hajawahi kuitazama, katuni hii ilibuniwa na Matt Groening. Ilianza mwaka 1987 kwa vipande vifupi ndani ya The Tracey Ullman Show, na tarehe 17 Desemba 1989 ikapata kipindi chake yenyewe, ikisimamiwa na Groening, James L. Brooks na Sam Simon. Baba ni Homer, mvivu na mlafi, mwenye moyo mwepesi kwa wanawe. Mama ni Marge, mwenye nywele za buluu zilizosimama kama mnara. Bart ana miaka 10 na ni mtundu wa kupindukia. Lisa ana miaka 8, ana akili kuliko watu wazima wanaomzunguka. Maggie bado ananyonya chuchu ya plastiki.

Homer ni mkaguzi wa usalama katika mtambo wa nyuklia unaozalisha umeme wa mji mzima wa Springfield. Mwenye mtambo ni Montgomery Burns, mzee aliyekauka, tajiri kupita kiasi, asiyekumbuka majina ya watu anaowalipa. Pembeni yake yupo Smithers, msaidizi anayemwabudu. Mwigizaji mmoja, Harry Shearer, ndiye anayewapa sauti wote wawili, kwa hiyo kila Burns anapotoa amri na Smithers anapoipokea kwa unyenyekevu, mtu huyo anajijibu mwenyewe.

Mtambo huo ndio uliowapa waandishi kiwanja. Katuni nyingi za familia huishia sebuleni na shuleni. Hii ina mahali pa kazi penye mwajiri, mishahara, hatari na mkataba, na ugomvi wa kazini unaweza kuingia hadi chumba cha mtoto.

Mgomo ulivyokwenda

Mambo yanaanzia kwa daktari wa meno. Dakta Wolfe anamchungulia Lisa, kisha anaonyesha kwa kompyuta jinsi meno yake yatakavyokua yasiponyooshwa: yanarefuka, yanapinda, yanapenya fuvu. Marge anaingiwa na hofu. Homer hana wasiwasi, kwa sababu kazini kuna bima ya meno waliyoipata kwenye mgomo wa mwaka 1988. Anajivunia hata kovu alilolipata siku hizo. Tunarudishwa nyuma kuliona kovu linavyopatikana, na tunakuta kwamba shujaa wetu alikuwa akipigania chakula kwenye gari la vitafunwa.

Wakati huohuo Burns anaumizwa kichwa na gharama. Anakumbuka mwaka 1909, alipokwenda na babu yake kwenye kiwanda ambako vibarua walipasua atomu kwa nyundo. Kijana mmoja anapekuliwa na kukutwa ameficha atomu mfukoni. Akiburutwa nje, anatabiri kwamba siku moja wafanyakazi wataunda chama na kupata haki wanazostahili, kisha wataanza uvivu na ufisadi, na mwisho Wajapani watawala wazimawazima. Kijana anatoa historia yote ya viwanda vya Marekani katika karne ya 20 huku ameshikwa kwapani na walinzi.

Burns anaamua kuifuta bima, na ndipo tunaporudi ukumbini kwenye pipa la bia. Homer akishaunganisha sentensi zake mbili, anasimama na kuwaeleza wenzake bima hiyo ilivyowafaa, mmoja baada ya mwingine. Mkataba unakataliwa. Homer anachaguliwa papo hapo kuwa rais wa chama, na swali lake la kwanza ni kuhusu malipo. Anaambiwa hakuna malipo, ila kama ni fisadi. Habari hiyo inampendeza.

Kuanzia hapo hadithi inasukumwa na kutoelewana. Burns anamwita Homer faragha na kumdokezea rushwa kwa maneno ya mafumbo. Homer anaelewa kwamba mzee anamtongoza, anakataa kwa heshima na kuondoka. Burns anabaki akiamini kwamba amekutana na mtu asiyenunulika. Anatuma mabaunsa wamlete kwenye jumba lake la kifahari, lenye chumba cha nyani elfu moja wanaogonga taipureta elfu moja. Mazungumzo yanapoanza Homer amebanwa na haja ndogo. Anainuka kutafuta choo, na Burns anaona mbinu ya hali ya juu: mpinzani amekataa hata kusikiliza hoja ya kwanza.

Mgomo unatangazwa. Lisa anakaa na gita kwenye mstari wa wagomaji, anaimba wimbo wa mshikamano. Burns anajaribu kuwatawanya kwa mpira wa maji ya zimamoto, lakini nguvu ya maji inamrusha yeye. Anaagiza wavunja mgomo wa aina ya miaka ya 1930, naye analetewa baba yake Homer pamoja na wazee wenzake. Hawana tena nguvu za kupasua vichwa, kwa hiyo wanawachosha wagomaji kwa hadithi zisizo na mwisho, mojawapo ikihusu kitunguu kilichofungwa kwenye mkanda kwa sababu ndio uliokuwa mtindo. Analeta roboti, nazo zinamgeukia. Mwisho anakata umeme wa mji wote.

Gizani, wagomaji wanashikana mikono na kuimba. Burns, aliyekuwa akisubiri vilio, anasikia nyimbo. Watazamaji wa Marekani wanaitambua picha hiyo mara moja, maana imetoka kwenye kitabu cha Dr. Seuss cha mwaka 1957 kuhusu kiumbe Grinch aliyeiba Krismasi na bado akawasikia watu wakiimba. Burns anasalimu amri. Atarudisha bima ya meno, kwa sharti kwamba Homer ajiuzulu uongozi. Homer anafurahi mno, anajitupa sakafuni na kuzunguka kwa miguu. Hapo ndipo Burns anapoanza kushuku kwamba mtu huyu huenda hakuwa bingwa wa mikakati.

Kisu kinachokata kuwili

Kejeli nyepesi huchagua upande mmoja na kuupiga hadi mwisho. Kogen na Wolodarsky walichagua njia ngumu zaidi. Chama cha Homer kina jina la kuchekesha, linalowaweka pamoja wacheza dansi ya jazi, wapishi wa keki na mafundi wa nyuklia. Rais wake aliyetangulia ameadimika baada ya kuahidi kukisafisha chama. Picha inahamia kwenye uwanja wa futiboli ya Kimarekani, ambako mchezaji anajikwaa kwenye nundu yenye umbo la mtu aliyezikwa chini ya nyasi.

Hapo Mmarekani wa mwaka 1993 hakuhitaji maelezo. Jimmy Hoffa, aliyekuwa rais wa chama cha madereva wa malori cha Teamsters, alitoweka tarehe 30 Julai 1975 na mwili wake haujapatikana. Kwa miaka mingi mtaani ilisemwa kwamba amezikwa chini ya uwanja wa michezo huko New Jersey. Uhusiano wa baadhi ya viongozi wa Teamsters na magenge ya kihalifu haukuwa porojo: mwaka 1989 chama hicho kiliwekwa chini ya usimamizi wa serikali ya shirikisho ili kisafishwe, na mwaka 1991 wanachama wakamchagua Ron Carey, aliyegombea kwa ahadi ya kufanya kazi hiyo. Mzaha wa nundu ya uwanjani ulikuwa na uzito wa habari za siku zile.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kipindi hiki kinakubaliana nao, kisha kinatukumbusha kwamba hata vidole kumi vinaweza kushika glasi ya bia na kumwachia chawa aende zake. Kabla ya kuwatetea wafanyakazi, kinawaonyesha walivyo: wamechoka, hawasomi mkataba, wanauza cha kesho kwa kinywaji cha leo. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa chama mahali popote atawatambua.

Ila ukitazama mizani, haikukaa sawa. Wafanyakazi wanachekwa kwa uvivu na tamaa ndogondogo. Burns anachekwa kwa jambo jingine. Yeye ana fedha za kutupa kwa nyani wa taipureta, lakini gharama anayoona ni ya kupunguzwa ni meno ya watoto wa watu. Tofauti hiyo haihubiriwi na mhusika yeyote. Imewekwa tu mbele ya mtazamaji, chumba baada ya chumba, anapotembezwa katika jumba la mzee yule.

Mzaha uliokwenda kinyume na nyakati

Mwaka 1993 mgomo ulioshinda ulikuwa jambo adimu Marekani. Tarehe 3 Agosti 1981 waongozaji wa ndege waligoma, na siku mbili baadaye Rais Ronald Reagan akawafukuza kazi watu 11,345. Waajiri wa sekta binafsi waliisoma ishara hiyo. Mwaka 1992 kampuni ya Caterpillar, iliyokuwa ikishindana na Komatsu ya Japani, iliwatangazia wagomaji kwamba itaajiri watu wengine wachukue nafasi zao moja kwa moja, nao wakarudi kazini bila mkataba waliokuwa wakiudai. Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha mwelekeo huo. Mwaka 1974 ilitokea migomo na kufungiwa kazi mara 424, kila tukio likihusisha wafanyakazi 1,000 au zaidi. Mwaka 1993 matukio ya aina hiyo yalikuwa 35.

Kuna kinaya katika habari za Reagan ambacho waandishi wa vichekesho wasingethubutu kukibuni. Kabla ya siasa, aliwahi kuwa rais wa Screen Actors Guild, chama cha waigizaji wa filamu, na aliongoza mgomo wake wa mwaka 1960. Mgomo huo uliwapatia waigizaji mfuko wa pensheni na bima ya afya.

Katika mazingira hayo, ushindi wa Homer ni ndoto ya mchana. Waandishi walilijua hilo, ndiyo maana hawakumpa ushindi kwa werevu wala ushujaa. Alishinda kwa sababu tajiri alimkadiria kupita kiasi. Kwenye katuni, tajiri anaweza kushindwa na mtu anayetafuta choo. Nje ya katuni, matajiri wa miaka ile walikuwa na wanasheria, washauri na orodha ndefu ya watu wanaotafuta kazi.

Kwa nini meno

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini waandishi hawakuchagua mshahara, ambao kila mtu anauelewa. Jibu liko kwenye historia ya matibabu nchini Marekani, ambako bima ya watu wengi walio katika umri wa kazi huja pamoja na ajira. Mtindo huo ulishika mizizi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 serikali ilizuia mishahara isipande, na waajiri waliohitaji watu wakaanza kuwavutia kwa mafao, bima ya matibabu ikiwa mojawapo. Vita viliisha, utaratibu ukabaki. Mtu akipoteza kazi au kifungu cha mkataba, familia nzima hupoteza daktari.

Meno yaliachwa kando kwa muda mrefu, yakachukuliwa kuwa jambo la urembo na la mwenye uwezo. Waliobadilisha hilo walikuwa makuli. Mwaka 1954 chama cha makuli wa bandari za pwani ya Pasifiki, ILWU, pamoja na waajiri wao, walivifuata vyama vya madaktari wa meno vya Washington, Oregon na California vianzishe utaratibu wa kuwatibu watoto wa wanachama. Kutokana na mpango huo wa watoto wa makuli ndipo ilipokua Delta Dental, mojawapo ya kampuni kubwa za bima ya meno nchini humo leo. Kwa hiyo baba anayegoma ili binti yake atibiwe meno hakuwa kichekesho kilichookotwa hewani. Bima yenyewe ilianzia kwa wazazi wa namna yake.

Bila bima, Lisa anapata waya za bei ya chini kabisa, za kizamani kiasi kwamba daktari anaonya zisiguswe na maji kwa sababu zilitengenezwa kabla ya chuma kisichopata kutu. Anaomba kioo ajitazame, anacheka kicheko cha kichaa na kukipasua, kama alivyofanya Joker katika filamu ya Batman ya mwaka 1989. Siku ya picha za shule anatabasamu na mdomo unafunguka kama mtego wa panya wa chuma. Ni sehemu ya kuchekesha sana, na ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu aibu ile imebebwa na mtoto asiyejua chochote kuhusu hesabu za tajiri.

Miaka 14 baadaye ukweli uliipita katuni kwa ubaya. Mwaka 2007, katika jimbo la Maryland, mvulana wa miaka 12 alifariki baada ya bakteria wa jino lililooza kusambaa hadi kwenye ubongo. Kung'oa jino lile kungegharimu dola 80 hivi. Familia yake haikuwa na bima ya kueleweka, na kumpata daktari wa meno anayekubali wagonjwa wa mpango wa serikali wa watu wa kipato cha chini ilikuwa kazi kubwa. Kifo hicho kilijadiliwa na Bunge la Marekani, na sheria ya afya ya mwaka 2010 iliyatambua matibabu ya meno ya watoto kuwa miongoni mwa huduma za lazima katika bima za soko huria. Anayeitazama picha ya meno yanayopenya fuvu la Lisa akiwa na habari hiyo kichwani, hacheki kwa namna ileile.

Mgomo nyuma ya katuni

Jambo lisilotajwa sana katika kukisifu kipindi hiki ni kwamba waandishi wa The Simpsons wenyewe, walipokuwa wakimwandikia Homer mgomo wake, hawakuwa chini ya mkataba wa Writers Guild of America, chama kikubwa cha waandishi wa filamu na televisheni. Uandishi wa katuni ulihesabiwa kuwa daraja la chini, nje ya ulinzi waliokuwa nao wenzao wa tamthilia za watu halisi. Ilikuwa mwaka 1998 ambapo waandishi wa katuni za Fox za saa za jioni, The Simpsons ikiwemo, waliingizwa kwenye mkataba wa chama hicho.

Mwaka huohuo waigizaji wa sauti waligombana na kampuni kuhusu malipo. Magazeti ya wakati huo yaliripoti kwamba walikuwa wakilipwa dola 30,000 kwa kipindi, na kwamba kampuni ilifikia hatua ya kutafuta watu wengine wa kuiga sauti zao. Mwishowe malipo yalipandishwa hadi dola 125,000. Mwaka 2004 waigizaji hao waligoma kuhudhuria usomaji wa miswada kwa majuma kadhaa, wakaongezewa tena. Mwaka 2011 kampuni ilitaka wakatwe asilimia 45, la sivyo mfululizo ungefungwa, na wakakubali kupunguziwa kiasi. Hao ni watu waliokwisha kutajirika, na huruma ya mtazamaji ina mipaka yake. Hata hivyo mbinu zilikuwa zilezile za Burns: kutishia kuleta wengine, kutishia kuzima taa.

Mnyororo wa kazi hiyo una ncha nyingine iliyo mbali zaidi. Sehemu kubwa ya uchoraji wa The Simpsons imefanyika Seoul, Korea Kusini, katika studio ya AKOM. Oktoba 2010 msanii wa Uingereza Banksy alipewa nafasi ya kubuni utangulizi wa kipindi kimoja, akawachora wafanyakazi wa Asia katika shimo lenye giza, wakipaka rangi picha za akina Simpson huku pembe ya farasi wa kufikirika ikitumika kutobolea diski. Fox iliuonyesha utangulizi huo. Mwanzilishi wa AKOM, Nelson Shin, alilalamika kwamba picha hiyo inawadhalilisha wafanyakazi wake, ambao wana ofisi za kisasa. Malalamiko yake yalikuwa na msingi. Pamoja na hayo, watazamaji wengi walipata kufikiri kwa mara ya kwanza kwamba kipindi hiki nacho kina wafanyakazi wasioonekana.

Kisha likaja suala la roboti. Tarehe 2 Mei 2023 Writers Guild of America ilianza mgomo uliodumu siku 148. Pamoja na malipo ya vipindi vinavyorushwa mtandaoni, waandishi walidai mipaka ya matumizi ya akili mnemba, na mkataba uliofuata ukaiweka mipaka hiyo. Miaka 30 kabla, Burns alikuwa amewaza suluhisho hilohilo la mtambo usiodai chochote. Kwenye katuni mitambo ilimgeukia bwana wake. Hollywood, waandishi hawakutaka kuisubiri bahati hiyo, wakadai kifungu kiandikwe.

Kinachofundishwa na kipindi cha dakika 20 na kitu

Tangu mwaka 1993 uanachama wa vyama vya wafanyakazi Marekani umeendelea kushuka. Mwaka 1983 ulikuwa asilimia 20.1 ya waajiriwa; mwaka 2023 ulikuwa asilimia 10. Kijana anayekiona kipindi hiki leo huenda hajawahi kushika kadi ya chama, na huenda mzaha wa Hoffa unampita. Bado anaielewa sehemu ya ukumbini, kwa sababu haidai historia. Inadai tu kujua ilivyo kusaini karatasi ambayo hukuisoma.

Waandishi wengi wa vichekesho, wakitaka kusema jambo zito, hukinyamazisha kicheko na kumpa mhusika hotuba. Kogen na Wolodarsky walikataa. Walimpa Homer sentensi mbili zinazogongana kichwani na kumwacha azivumbue mwenyewe, kwa kasi yake ya kinyonga. Hakuna hotuba ya ukombozi ambayo ingeeleza vizuri zaidi jinsi mtu wa kawaida anavyoingia kwenye mapambano: haanzi na nadharia, anaanza na ankara ya daktari wa mtoto wake.

Hapo ndipo ninapokubaliana na waliokipa nafasi ya kwanza. Vipindi vingine vya The Simpsons vina nyimbo bora, vina machozi zaidi, vina ubunifu wa ajabu kuliko hiki. Hakuna kingine kilichochukua kifungu kikavu cha mkataba na kukifanya kiwe hatima ya familia bila kuacha kuchekesha hata kwa nusu dakika. Waandishi wetu wa katuni na vichekesho wanaotafuta hadithi wanaweza kuanzia hapo, kwenye mkataba, hati ya malipo na kadi ya bima, maana huko ndiko maisha ya nyumbani yanakoamuliwa. Na kwa msomaji aliyeajiriwa, ushauri ni mfupi: ukiletewa mkataba wa hali bora, usome hadi kifungu cha mwisho kabla hujashika glasi.